Katuni au uhalisia: mwongozo kamili wa kuunda wahusika wa gemu ya RPG kwa timu ndogo ya Mwanza

Timu ndogo ikianza gemu ya RPG, yaani gemu ambayo mchezaji humwongoza mhusika anayekua, anayebadilisha mavazi na kuongea na watu, ubishi wa kwanza huwa wa ladha. Mmoja anataka nyuso zenye vinyweleo na makovu kama za gemu ya The Witcher 3, mwenzake anataka macho makubwa na rangi bapa kama gemu ya Genshin Impact. Ubishi huo hauishi, maana ladha haina mizani. Vinavyopimika ni vitatu: mhusika ataonekana kwa ukubwa gani kwenye kioo, kifaa cha mchezaji kina uwezo gani, na timu ina mikono mingapi ya kutengeneza nguo, mifupa ya kuchezesha mwili, na nyuso. Tunaanza na vipimo hivyo, kisha tunamjenga mhusika mmoja, mchuuzi wa dagaa wa mwalo wa Kirumba, mpaka asimame ndani ya injini, yaani programu inayoendesha gemu. Zana zote ni za bure: Blender kwa umbo, Krita kwa rangi, Godot 4 kwa injini.

Pima kichwa kwa piseli

RPG nyingi za simu humtazama mhusika kutoka juu, kwa mbali. Tuseme anachukua sehemu moja ya sita ya kimo cha kioo. Kwenye kioo cha piseli (nukta za rangi zinazounda picha) 1600 kwa 720 hizo ni piseli 120 kutoka utosini hadi kisiginoni. Mtu mzima halisi ana urefu wa vichwa 7 hadi 7.5. Gawanya 120 kwa 7.5: kichwa kinapata piseli 16. Upana wa uso unakuwa kama piseli 11, na kwa kuwa uso wa kawaida una upana wa macho matano, jicho moja linabakiwa na piseli mbili. Jicho la piseli mbili halikonyezi wala halikasiriki.

Mpe mhusika huyohuyo urefu wa vichwa 4. Kichwa kinapanda hadi piseli 30, uso wa mviringo unapata kama piseli 25 za upana, na jicho lililochorwa kwa robo ya upana huo linapata piseli sita. Hapo nyusi ikipanda, mchezaji anaiona. Hii ndiyo sababu kubwa ya katuni kutawala gemu za kamera ya mbali, wala haina uhusiano na utoto.

Kamera ikisogea karibu hesabu inageuka. Wakati wa mazungumzo uso ukichukua nusu ya kioo, una piseli 360 za kimo, na uhalisia unapata pa kukaa. Shida ni kwamba makosa nayo yanapata pa kukaa. Mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, alieleza mwaka 1970 kwamba kitu kinavyozidi kufanana na binadamu ndivyo tunavyokikubali, mpaka kifike mahali kinafanana karibu kabisa, na hapo ghafla kinatutisha. RPG ndiyo aina ya gemu inayoumia zaidi na jambo hili, kwa sababu mchezaji hukodolea uso mmoja ukiongea kwa saa nyingi. Jicho lisilo na unyevunyevu au mdomo usiofuata maneno vinasameheka kwenye katuni. Kwenye uso wa kihalisia vinafanya mwanakijiji aonekane maiti.

Final Fantasy VII ya 1997 ilitumia modeli (maumbo ya 3D) mbili kwa mhusika mmoja: kibonge chenye kichwa kikubwa cha kutembea nacho, na mwili mrefu zaidi wa kupigania. Mbinu hiyo bado inafaa, ila ujue kila nguo utaitengeneza mara mbili.

Hesabu ya kumbukumbu na hesabu ya nguo

Teksicha, yaani picha inayovikwa modeli, moja ya piseli 2048 kwa 2048 bila kubanwa hula MB 16. Mhusika wa kihalisia anahitaji angalau tatu: rangi ya msingi, ramani ya nomali (inayoonyesha kila sehemu ya uso wa modeli imeelekea wapi), na ramani ya ukwaruzo (inayoonyesha wapi pang'ae na wapi pafifie). Hizo ni MB 48, na ukiongeza nakala ndogondogo zinazotumika mhusika akiwa mbali, theluthi nyingine inaingia: MB 64. Wachuuzi kumi mwaloni ni MB 640. Ukibana kwa ETC2, mbinu ya kubana teksicha za simu, inashuka hadi robo, yaani MB 160, na bado hujaweka mitumbwi, maji wala mawe. Wachuuzi kumi wa katuni wanaweza kugawana teksicha moja ya 1024, ambayo pamoja na nakala zake ni MB 5.3 kabla ya kubanwa.

Hesabu ya nguo ndiyo inayozamisha miradi, na timu nyingi huiona zikiwa zimechelewa. RPG ina mavazi ya kubadilisha. Sehemu tano za mwili (kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu, viatu), kila moja na vitu 12, kwa maumbo mawili ya mwili, ni modeli 120. Shati la katuni mtu mwenye uzoefu hulimaliza ndani ya siku moja. La kihalisia, lenye mikunjo iliyochongwa, mishono na uchakavu, hula siku kadhaa. Zidisha mwenyewe.

Ushauri wetu ni huu. Timu ya watu wawili au watatu inayolenga simu ichague katuni yenye vichwa 4.5 hadi 5.5. Chini ya hapo, mikono inakuwa mifupi mno kuinua beseni hadi kichwani. Utaona tatizo hilo siku ya kuweka animesheni. Uhalisia uchaguliwe ikiwa gemu ni ya kompyuta, kamera iko begani kwa mhusika, na wahusika wenye kuongea hawafiki kumi. Mwaka 2004, mwezi Novemba, gemu za World of Warcraft na EverQuest II zilitoka zikifuatana. Ya kwanza ilikuwa na maumbo yaliyokuzwa na teksicha za kuchorwa kwa mkono, ya pili ilikimbilia uhalisia na kudai mashine nzito. Ukizitazama leo, ile ya kukuza maumbo haijazeeka sana.

Karatasi ya sheria

Usifungue Blender kabla ya kuandika ukurasa mmoja wa sheria. Katuni huharibika pale kila mchoraji anapokuza anachokipenda: huyu macho, yule mikono, na kijiji kinaonekana kimeokotwa kutoka gemu tano. Andika namba. Kwa mfano: kimo mita 1.6 kwa wanawake na 1.7 kwa wanaume, vichwa 5, macho chini kidogo ya nusu ya kichwa, kiganja kikubwa kwa asilimia 25 kuliko halisi, kwa sababu mchezaji lazima aone kilichoshikwa, hakuna kitu chembamba kuliko sentimita 2. Sheria hii ya mwisho inahusu kamba, shanga, hereni na vidole. Kwa mhusika wa mita 1.7 mwenye piseli 120, piseli moja ni sentimita 1.4, hivyo chochote kilicho chembamba zaidi kitakuwa kinametameta na kupotea kila kamera ikisogea.

Amua pia kiwango kimoja cha maelezo kwa kila kitu. Kosa linaloonekana sana kwenye gemu za wanaoanza ni mwili wa katuni uliovikwa picha ya ngozi halisi iliyopakuliwa mtandaoni. Macho ya sahani yenye vinyweleo vya kweli pembeni yanachukiza, na hakuna mwanga utakaoyaokoa.

Picha za kuigia zipigwe kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au siku ya mawingu. Mwanza iko karibu na ikweta, na saa sita mchana jua linakaa utosini: matundu ya macho yanakuwa meusi, mabega yanaungua kwa mwanga, huoni umbo. Omba ruhusa kwa unayempiga picha, na mweleze ni ya kazi gani. Kwa mavazi ya ngoma na vifaa vya jadi, Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yatakupa umbo sahihi la ngoma na kigoda kuliko picha za kubahatisha.

Kujenga umbo

Anza na kivuli. Kwenye Krita chora mhusika kwa rangi nyeusi tupu, kimo piseli 120, bila uso. Fanya vivuli kumi. Chagua kile ambacho mtu asiyejua gemu yako akitazama atasema "huyu ni mchuuzi wa samaki". Beseni kichwani, kata (ngata) chini yake, kanga kiunoni, mkono mmoja ukishika ukingo wa beseni: hivyo vinatosha.

Kwenye Blender, weka picha ya mbele na ya ubavu nyuma ya modeli. Anza na mchemraba, weka kirekebishi cha Mirror kinachonakili upande wa pili, jenga nusu tu ya mwili. Lengo ni pembetatu (vipande vinavyounda umbo) 4,000 hadi 6,000 kwa mhusika mzima: 1,500 kichwani na kwenye nywele, 800 mikononi, zinazobaki mwilini na kwenye nguo. Weka duara tatu za kingo, yaani mistari inayozunguka kiungo, kwenye kila kiwiko na goti. Ukiweka moja, goti likikunjwa linabonyea kama mpira wa kumwagilia. Zungusha duara mbili au tatu kuzunguka kila jicho na mdomo hata kama hutazitumia leo.

Kabla ya kuweka mifupa, bonyeza Ctrl na A, kisha kubali ukubwa na mzunguko. Ukisahau, mhusika atafika Godot akiwa jitu au akiwa amelala kifudifudi.

Mifupa 25 hadi 35 inatosha kwa simu. Kila nukta ya modeli ishikwe na mifupa isiyozidi minne, kwa kuwa ndiyo idadi ya kawaida inayosomwa na injini. Ongeza mfupa mmoja wa ziada kwa beseni, mwana wa mfupa wa kichwa, ili siku mchuuzi akilishusha uliondoe bila kutenganisha modeli. Chini ya kanga, futa mapaja kabisa. Ngozi iliyofichwa ndiyo inayochomoza kupitia nguo mhusika akikimbia.

Ngozi nyeusi

Hapa ndipo masomo mengi ya mtandaoni yanapomwacha msanii wa Kiafrika njiani, kwa sababu yametungwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeupe umbo la uso husomeka kwa rangi inayotawanyika na wekundu unaopenya chini ya ngozi. Kwenye ngozi nyeusi, rangi inayotawanyika ni kidogo, hivyo umbo husomeka zaidi kwa mng'ao: paji la uso, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, mdomo wa chini, bega.

Kwa katuni, tumia ngazi tatu. Mfano unaofanya kazi, kwa namba za rangi za kuandika kwenye Krita: msingi #5A3825, kivuli #3A1F1E, mng'ao #8A5A3C. Angalia kwamba kivuli kimeelekea wekundu. Ukikipata kwa kuchanganya msingi na nyeusi, ngozi inageuka majivu. Kiganja na unyayo vipe #A8755A hivi. Hiyo peke yake humfanya mhusika apunge mkono na aonekane anapunga. Mng'ao ukae mahali pachache, uwe na ukingo mkali, usizidi sehemu moja ya kumi ya uso.

Mstari wa pembeni usiwe mweusi tii. Juu ya ngozi nyeusi mstari mweusi hauonekani, na mchoraji huishia kuing'arisha ngozi ili mstari uonekane, jambo ambalo ni kumbadilisha mhusika rangi kwa sababu ya kalamu. Tumia #24100F, na upande mmoja weka mwanga wa ukingoni: wa samawati ya ziwa mchana, wa chungwa mhusika akiwa karibu na karabai usiku.

Kwa uhalisia, weka ukwaruzo kati ya 0.4 na 0.5, ushuke hadi 0.35 puani na kwenye paji la uso. Umetali ubaki sifuri. Kisha mjaribu mbele ya mandhari atakayoishi ndani yake. Mhusika anayependeza kwenye kijivu cha Blender akisimamishwa mbele ya mawe ya Mwanza yanayong'aa saa saba mchana anaweza kubaki kivuli tupu. Dawa si kumpausha. Punguza mwanga wa mawe, ongeza mwanga laini wa kujaza kutoka upande wa maji.

Kanga, nywele na mdomo

Kanga halisi ina upana wa kama sentimita 150, pindo pande zote, mji katikati, na jina kwenye ukanda wake. Herufi za jina zikiwa na sentimita 3 au 4, kwa kamera ya mbali zinapata piseli mbili au tatu: ukungu. Kwenye katuni kuza pindo mara mbili, weka maua makubwa matatu mjini badala ya thelathini, na mahali pa jina weka ukanda mweupe usio na herufi. Jina lenyewe lilete kwenye maandishi mchezaji anapokagua kanga. Ni nafasi nzuri ya utani na mafumbo, na msanii hapotezi kitu. Kwenye uhalisia jina lazima lisomeke, kwa hiyo kanga ipewe teksicha yake ya 1024 kwa upana wote, na mshono wa UV (ramani inayopanga teksicha juu ya modeli) uwe pale kanga inapofungwa, si katikati ya jina.

Nywele za kihalisia kwa kawaida hutengenezwa kwa vipande bapa vyenye uwazi. Mbinu hiyo ilibuniwa kwa nywele zinazoning'inia, na kwenye simu hulemea kwa sababu kila piseli huchorwa mara nyingi. Twende kilioni haihitaji hayo. Chora mkunjo kando ya fuvu, upe unene wa nusu duara wenye pande tano, ongeza mafundo kwa teksicha. Misuko minane ya namna hiyo inaingia kwenye pembetatu 600. Nywele fupi ziwe umbo gumu lenye ukingo uliovunjwavunjwa. Afro ya katuni ni tufe lililobonyezwa, na isilainishwe sana, isije ikafanana na kofia.

Kiswahili kinarahisisha mdomo. Irabu ni tano na silabi nyingi huishia na irabu, kwa hiyo maumbo saba yanatosha: a, e, i, o, u, mdomo uliofungwa wa m, b na p, na meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Kwenye katuni chora maumbo hayo kwenye teksicha ya 512 kwa 256 yenye vyumba vinane vya piseli 128, chumba cha nane kikiwa tabasamu, kisha sogeza UV kwa kila silabi. Kwenye uhalisia utahitaji maumbo ya kuchonga, yaani nyuso za ziada ambazo modeli hugeuka kuzifuata, pamoja na taya, ulimi na mashavu yanayofuata.

Kupeleka Godot, na yanayokwama

Hamisha mhusika kutoka Blender kwa faili la .glb, linalobeba modeli, mifupa na teksicha. Mambo manne hukwama karibu kila mara.

Rangi za ngazi zinapotea. Ukizitengeneza kwenye Blender kwa Shader to RGB, zinaonekana humo tu, ndani ya Eevee (mfumo wa Blender wa kuchora picha kwa haraka), na faili la .glb haliwezi kuzibeba. Zijenge upya kwenye Godot: kwenye StandardMaterial3D chagua Toon upande wa Diffuse (mwanga unaotawanyika) na wa Specular (mng'ao), au andika sheda yako (programu ndogo inayopaka rangi) ikiwa unataka kivuli chenye rangi uliyopanga.

Mstari wa pembeni unakatika kwenye kona. Kwenye Godot mstari hupatikana kwa kuongeza materiali ya pili kwenye Next Pass, isiyopokea mwanga, Cull Mode ikiwa Front na Grow ikiwa kati ya 0.005 na 0.01. Modeli inavimba kidogo na kugeuzwa ndani nje. Penye kingo kali, nomali zimegawanyika, nyuso zinaachana na mstari unapasuka. Lainisha kingo hizo, au zikate kwa ukingo mwembamba wa pembetatu za ziada.

Maumbo ya uso hayafiki. Ukiamuru Blender itekeleze virekebishi wakati wa kuhamisha, maumbo ya kuchonga hayatoki. Tekeleza Mirror kwanza, chonga maumbo baadaye.

Rangi zinachafuana. Teksicha ndogo ya vibao vya rangi ikibanwa, vibao jirani vinamwagikiana, kwa sababu mbano hufanya kazi kwa mafungu ya piseli nne kwa nne. Teksicha hiyo iache bila kubanwa kwa hasara. Nyingine zote zibane, na uwashe mbinu za kubana za ETC2 na ASTC kwenye mipangilio ya mradi kabla ya kutengeneza faili la Android.

Ukishikilia uhalisia

Hatua zinaongezeka. Chonga mwili wenye nyuso milioni mbili au zaidi, ambao unataka kompyuta yenye RAM ya GB 16. Jenga juu yake modeli nyepesi ya pembetatu 15,000 hadi 30,000. Beki, yaani nakili, maelezo ya mchongo kwenye ramani ya nomali ya modeli nyepesi, ukianza na umbali wa sentimita 1 hadi 2 na pambizo la piseli 16. Madoa meusi kwapani na kati ya vidole yana maana kwamba miale imegonga sehemu jirani: tanua vidole, inua mikono, beki tena. Picha iliyobekiwa haihifadhiwi pamoja na faili la Blender. Ihifadhi yenyewe mara tu inapokamilika, hasa siku ambazo umeme wa mtaa wenu una tabia zake.

Jaribio la kichwa kimoja

Haya yote yafanyeni kwanza kwa kichwa na mabega tu, mara mbili, katuni na uhalisia, kwa wiki mbili. Viwekeni vyote ndani ya simu ya bei nafuu zaidi mnayotaka iendeshe gemu, si ile ya mwenye timu. Nakilini kila kichwa mara kumi na mbili, acheni kamera izunguke kwa dakika 20, mkiandika fremu kwa sekunde mwanzoni na mwishoni. Simu ikipata joto hupunguza kasi yake yenyewe, kwa hiyo namba ya mwanzo haina maana. Zikishuka chini ya 30, punguzeni teksicha kabla ya pembetatu.

Kisha toka nje na simu hiyo adhuhuri, mwanga wa kioo ukiwa nusu, kama atakavyoishika abiria anayesubiri kivuko cha Kamanga. Mpe mtu asiyeijua gemu, muulize mchuuzi amekasirika au anacheka. Asipoweza kujibu, ongeza ukubwa wa macho na tofauti kati ya msingi na kivuli, rudi nje, uliza mwingine.